Tuanzie Ukumbini

Miongoni mwa michezo ambayo wanawake wa dunia hushindania ubingwa, upo mmoja ambao magazeti yetu huutaja kwa nadra, na hata unapotajwa hupewa mistari miwili mitatu chini ya ukurasa, baada ya kandanda kujichukulia nafasi yote iliyo bora. Nao ni mpira wa magongo wa ukumbini. Sina nia ya kuwalaumu wahariri kwa jambo hilo, maana gazeti huuza kile ambacho wasomaji wake wamekizoea. Lakini nataka niseme mapema, ili msomaji ajue tunakoelekea, kwamba mashindano ya dunia ya mchezo huu yana mafunzo zaidi kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuliko mengi tunayokesha tukiyatazama. Na rai yangu ni kwamba vyama vyetu vya mpira wa magongo, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikingojea viwanja vya majani ya bandia ambavyo ama haviji, ama huja kimoja kimoja na kuchakaa, vingefanya jambo la busara na la insafu kama vingeanzia ukumbini, na huko ukumbini vikawatanguliza mabinti.

Kombe la Dunia la mchezo huu si la kale. Lilianza mwaka 2003 katika mji wa Leipzig, Ujerumani, wanaume na wanawake wakishindana katika juma moja na chini ya paa moja. Likafuatia la Vienna mwaka 2007, la Poznań mwaka 2011, la Leipzig kwa mara ya pili mwaka 2015, na la Berlin mwaka 2018. Lililokusudiwa kufanyika Liège, Ubelgiji, lilivunjwa na maradhi ya korona, na ndipo kombe lilipovuka bahari kwa mara ya kwanza likaja Pretoria, Afrika Kusini, Februari 2023, kabla ya kurudi Ulaya na kufanyika Poreč, Croatia, Februari 2025. Kwa upande wa wanawake, makombe sita ya mwanzo yaligawanywa na mataifa mawili tu: Ujerumani ilitwaa lile la 2003, la 2011 na la 2018, na Uholanzi ikatwaa lile la 2007, la 2015 na la 2023, zamu kwa zamu, hata mtu asiyeujua mchezo angeweza kudhani kuwa wakubwa hao wawili wamekwisha andikiana mkataba. Mkataba huo, kama ulikuwapo, ulichanwa Poreč, ambako wanawake wa Poland waliwashinda wa Austria katika fainali wakawa mabingwa wa dunia.

Ushindi huo wa Poland ndio ulionishikisha kalamu, na sababu yake inataka turudi nyuma kidogo. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, mpira wa magongo wa wanawake uliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na nchi sita zikashindana. Poland ilikuwa ya sita. Katika michezo hiyohiyo, kwa upande wa wanaume, Tanzania nayo ilipeleka timu yake, ikakutana na India ikafungwa mabao 18 kwa bila, na hesabu zilipofungwa nayo pia ilikuwa ya sita katika nchi sita. Mwaka ulikuwa mmoja, mji ulikuwa mmoja, na nafasi iliyowaangukia, wanawake wa Poland na wanaume wa Tanzania, ilikuwa moja, yaani mkia. Miaka 45 baadaye mmoja wa hao wawili ni bingwa wa dunia ukumbini, na mwingine mchezo wake haujulikani hata kwa wengi wa raia wake. Sisemi kwamba safari zao zilikuwa sawa, wala kwamba mali zao ni sawa. Ulaya ni Ulaya, na atakayejifanya haoni tofauti hiyo atakuwa anaidanganya nafsi yake. Ninalosema ni kwamba Poland haikungojea kwanza iwe kigogo wa uwanjani ndipo iruhusiwe kuota ubingwa. Katika mpira wa magongo wa nje wanawake wake hawakupata kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, lakini walitafuta mlango ulio wazi wakaupita.

Hata mchezo wenyewe ulizaliwa kwa dharura. Katika miaka ya 1950 Wajerumani, ambao kila mwaka theluji na baridi huwafungia viwanja kwa miezi kadhaa, waliuchukua mpira wa magongo wakauingiza katika kumbi za mazoezi, wakaupunguza ukubwa na kuutungia kanuni zinazofaa sakafu, ili wachezaji wao wasikae wakiota moto hadi masika yao yafike. Si ajabu basi kwamba walioustawisha zaidi ni watu wa nchi za baridi kali: Wajerumani, Waaustria, Wacheki, Wapoland, na huko Asia, wanawake wa Kazakhstan. Sisi hatuna theluji, lakini tuna upungufu wetu, na upungufu ni mama wa hila njema kwa yeyote asiyeona haya kuukiri. Kile ambacho baridi iliwafanyia wao, yaani kuwanyima uwanja, umaskini wa viwanja umetufanyia sisi kwa miezi yote 12.

Ni haki msomaji ajue jinsi mchezo unavyochezwa, kwa sababu hoja yangu imekaa ndani ya kanuni zake. Uwanja una urefu wa meta 36 hadi 44 na upana wa meta 18 hadi 22, ambao ni ukubwa wa uwanja wa mpira wa mikono. Kila upande huwa na wachezaji sita, pamoja na kipa, na wengine sita wakiwa benchi, ambao huingia na kutoka bila hesabu, kwa kuwa kasi ya mchezo haimwachi mtu na pumzi ya kudumu muda mrefu. Muda ni robo nne za dakika kumi kumi. Pembeni mwa uwanja, mahali ambapo katika michezo mingine pangekuwa na mstari tu, hulazwa mbao za kimo cha sentimeta 10, zilizoinama kidogo kuelekea ndani, ili mpira ukizigonga urudi mchezoni. Lango lina upana wa meta 3 na kimo cha meta 2. Na juu ya hayo yote iko kanuni iliyo roho ya mchezo: haruhusiwi mtu kuupiga mpira kwa kuinua gongo na kulishusha kwa nguvu, kama ifanyikavyo nje, bali huusukuma tu, wala haruhusiwi kuuinua juu ya sakafu, ila anapolenga lango akiwa ndani ya duara la kufungia.

Kwa kanuni hiyo moja nguvu za mwili hushushwa cheo, na akili pamoja na wepesi hupandishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mchezaji wa ukumbini huinama hasa: magoti yamekunjwa, mgongo umeshuka, gongo limelazwa juu ya sakafu kwa urefu wake wote ili kufunga njia ya mpira, na macho yanatazama juu yakitafuta mwenzake aliko. Mtazame mlinzi aliyebanwa pembeni na maadui wawili, ambaye kwa mtu asiyezoea angeonekana amekwisha. Huusukuma mpira ukazigonga mbao kwa pembe anayoijua yeye, ukawapita wale wawili nyuma ya visigino vyao, na mwenziwe akaupokea meta kumi mbele akiwa peke yake. Hiyo ni hesabu ya pembe, ile tunayowafundisha watoto ubaoni wakasinzia, inayofanywa katika nukta moja na msichana anayekimbia.

Au itazame kona ya adhabu. Mshambuliaji mmoja husimama juu ya mstari wa nyuma na mpira wake. Wenzake hujipanga nje ya duara. Kipa wa upande wa pili hubaki langoni amejifunika mapedi, kofia ya chuma na glavu, na walinzi wake husimama nyuma ya mstari, upande wa pili wa lango, wakingoja. Mpira ukisukumwa, wote huchomoka kwa pamoja: mmoja wa walinzi hukimbilia mpigaji moja kwa moja ili kumziba shabaha, mwingine hukaa karibu na mwamba wa lango, na wale washambuliaji hupokea, husimamisha, hupenyeza kwa mwenzao au hulenga. Jambo lote humalizika kabla ya mtazamaji kumaliza kuvuta pumzi. Na dakika za mwisho zinapofika, upande ulio nyuma kwa bao huwa na desturi ya kumtoa kipa wake na kumwingiza mchezaji wa sita wa sakafuni, wakaliacha lango lao tupu, wakiamua kuwa heri kufungwa kwa kuthubutu kuliko kushindwa kwa kujilinda.

Mchezo wa namna hii una faida kwa nchi ndogo na kwa watu wasio na miraba minne. Ushahidi uko hapahapa Afrika. Namibia ni nchi ya jangwa yenye watu wasiozidi sana milioni 3, yaani wachache kuliko wakazi wa jiji la Dar es Salaam peke yake, na hakuna mtu angeitarajia kushindana na mataifa yenye mali na desturi ndefu ya mchezo huu. Lakini wanawake wake walicheza Kombe la Dunia la Berlin mwaka 2018, na mwaka 2021 huko Durban, katika nyumba ya Afrika Kusini, wakatwaa ubingwa wa Afrika wa ukumbini mbele ya wenyeji. Timu ya watu 12 haihitaji taifa la watu milioni 60. Huhitaji kumbi chache, walimu wenye maarifa, na mabinti wanaokutana kila juma kwa miaka bila kukatisha.

Afrika Kusini nayo, ilipokuwa mwenyeji Pretoria mwaka 2023, ilithibitisha jambo lingine. Wanawake wake walifika nusu fainali, wakamaliza wa nne nyuma ya Uholanzi, Austria na Jamhuri ya Cheki. Nafasi ya nne ya dunia si haba kwa timu yoyote kutoka bara hili katika mchezo wowote, na laiti ingekuwa kandanda tungeimba nyimbo. Nayo ilipatikana kwa sababu mashindano yaliletwa mahali ambapo wazazi, wanafunzi na majirani wa wachezaji waliweza kuingia na kuona kwa macho yao. Mtoto wa kike aliyekaa jukwaani Pretoria juma lile alipata elimu ambayo hotuba mia za siku ya wanawake haziwezi kumpa.

Sasa tuje kwetu, na tuseme ukweli bila kumung'unya maneno. Mpira wa magongo si mgeni katika mwambao na bara ya Afrika Mashariki. Vilabu vya Wahindi, Wagoa na wengineo viliucheza kwa bidii Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja tangu enzi za utawala wa Waingereza. Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mchezo huu kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la wanaume, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Avtar Singh Sohal, beki na nahodha wake mashuhuri, alicheza Olimpiki nne mfululizo kuanzia 1960 hadi 1972. Wanawake wa Kenya nao, kwa klabu iliyokuwa ikidhaminiwa na shirika la simu, wameutwaa mara nyingi ubingwa wa vilabu vya Afrika. Kwa hiyo anayesema kwamba mchezo huu si wetu hajasoma habari za kwao.

Kilichotuangusha kina sababu nyingi, lakini mojawapo ni ya ardhi yenyewe. Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, mpira wa magongo ulichezwa juu ya majani ya bandia, na tangu hapo mashindano ya Olimpiki hayakurudi tena katika majani ya Mungu. Viwanja vya namna mpya vilikuwa ghali kuvijenga na ghali kuvitunza, na vingi vyavyo vilitaka kumwagiwa maji mengi kabla ya kila mchezo ili mpira uteleze, jambo ambalo ni anasa kubwa katika miji ambayo mama huamka alfajiri kupanga foleni ya ndoo. India na Pakistan, waliokuwa masultani wa mchezo, walitikisika. Kenya, ambayo haikuwa na hazina ya kulinganisha nao, iliachwa nyuma. Tangu siku hizo kilio cha vyama vyetu kimekuwa kimoja: tupeni uwanja. Kilio ni cha haki, lakini mtu aliyelia kwa miaka 40 mlango uleule bila kufunguliwa hana budi kujiuliza kama nyumba haina mlango mwingine.

Mlango mwingine upo, nao ni sakafu. Nairobi kuna ukumbi wa Kasarani. Kampala, pale Lugogo, uwanja wa ndani na uwanja wa magongo ni majirani. Dar es Salaam kuna uwanja wa ndani wa Taifa. Na Kigali kuna ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2019, ambao mataifa mengi ya bara hili yanautamani. Mbali na majumba hayo ya fahari, ziko kumbi za vyuo na za shule ambazo hukaa tupu siku nyingi zikingoja harusi na mahafali. Nakiri kwamba si kila ukumbi una nafasi ya kutosha: ule uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu peke yake ni mfupi, meta 28 kwa 15, na mechi kamili haitaenea humo. Lakini kwa mazoezi unatosha sana, na palipochorwa mistari ya mpira wa mikono panatosha hata kwa mechi. Zile mbao za pembeni hazihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi seremala yeyote wa Gerezani au wa Gikomba, akipewa kipimo cha sentimeta 10 na pembe ya kuinamisha, atazitengeneza kwa siku chache. Kilicho ghali kwa kweli ni vazi la kipa, na timu huhitaji moja au mawili tu, ambayo vilabu vinaweza kuazimana hadi vitakapopata uwezo.

Kwa nini basi nasema mabinti watangulizwe, na si kaka zao? Sababu ya kwanza ni deni. Wanaume walianza kucheza mpira wa magongo katika Olimpiki mwaka 1908. Wanawake walingojea hadi 1980, miaka 72. Shirikisho la kimataifa la wanaume lilipoundwa Paris mwaka 1924, wanawake waliunda lao mwaka 1927 wakajiendesha wenyewe kwa zaidi ya nusu karne, hadi mashirika hayo mawili yalipounganishwa mwaka 1982. Na mlango wa Olimpiki ulipowafungukia, medali ya dhahabu ya kwanza ilikuja Afrika: Zimbabwe, iliyopata uhuru wake miezi michache tu kabla, iliombwa dakika za mwisho kujaza nafasi za waliosusia michezo ya Moscow, ikakusanya wanawake wake kwa haraka, na wakarudi na ubingwa. Wachezaji wale wote walikuwa wazungu, na jambo hilo linatuambia nani aliyekuwa na viwanja na magongo katika nchi ile siku zile. Hilo halipunguzi ushindi wao, ila linazidisha nguvu ya swali langu: ikiwa wachache waliobahatika kupata uwanja waliweza hayo, wengi wakipata sakafu wataweza nini?

Sababu ya pili ni ya desturi zetu, nami naitaja kwa staha. Wako wazazi, katika mwambao na kwingineko, ambao hawana chuki na michezo, lakini huona uzito binti yao kukimbia katika uwanja wa wazi huku vijana wamepanda kuta wakipiga miluzi. Ukumbi una milango, na milango ina bawabu; panaweza kuwekwa saa za wasichana peke yao, mwalimu mwanamke, na mavazi ya sitara kwa anayeyapenda. Wanawake wa Iran hushindana katika mashindano ya ukumbini ya Asia wamejifunika vichwa, wala kasi yao haikupungua kwa hilo. Nisije nikafahamika vibaya: sisemi kwamba mwanamke afichwe, wala kwamba kosa ni la msichana na si la mpiga miluzi. Nasema kwamba ikiwa mlango mmoja unamridhisha mzazi leo na kumwezesha binti kushika gongo, ni ujinga kuukataa kwa kungojea siku ambayo adabu za mtaani zitakuwa zimekamilika.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema: tunayo netiboli, na wanawake wa Uganda wamekwisha itangaza nchi yao kwa mchezo huo katika Kombe la Dunia, ya nini kuwagawa mabinti? Namjibu kwamba kijana wa kiume hufunguliwa kandanda, kikapu, ndondi, riadha na raga, na hakuna anayelalamika kuwa amegawanywa. Haki hiyohiyo na apewe dada yake. Mwingine atasema kuwa mchezo wa ukumbini haumo katika Olimpiki. Ni kweli haumo. Lakini anayejifunza kusukuma, kupokea na kusoma nafasi katika sakafu ndogo hupata ufundi uleule unaotakiwa uwanjani, na Uholanzi na Ujerumani ni shahidi, maana wachezaji wao wengi wamekulia katika namna zote mbili. Isitoshe, Shirikisho la Kimataifa lenyewe limekuwa likiipigania namna ya watu wachache: mwaka 2024, huko Muscat, Oman, mji ambao Kiswahili husikika katika baraza nyingi, lilifanya Kombe la Dunia la kwanza la wachezaji watano watano, na katika lile la wanawake jirani zetu wa Zambia walikuwamo. Zambia ina viwanja vingapi vya majani ya bandia vya kutupita sisi, hata mabinti zake wakafika mahali ambapo mabinti zetu hawakufika?

Wa tatu, naye ndiye ninayemwogopa zaidi, hatasema neno. Atatikisa kichwa kukubali, ataandika kwenye daftari, ataunda kamati, na kamati itakula posho. Ajizi ya namna hiyo imezika mipango mingi iliyo bora kuliko huu wangu. Kwa sababu hiyo sitaki kuishia katika maneno ya jumla, bali nataja linalotakiwa na anayetakiwa. Wizara za elimu, katika orodha ya michezo ya shule za sekondari za wasichana, ziuongeze mpira wa magongo wa ukumbini, na kila mkoa au kaunti iteue shule moja yenye ukumbi iwe mahali pa kuanzia. Vyama vya mpira wa magongo vitumie sehemu ya fedha vinazozipata kwa kuwafundisha walimu wanawake kanuni za ukumbini na uamuzi wake, kwa kuwa mchezo bila waamuzi ni ugomvi. Wenye kumbi za umma wapunguze kodi kwa saa za mchana wa siku za kazi, ambapo milango hufungwa bure na hakuna anayefaidika. Na wahariri wa michezo, ambao nilisema mwanzo sitawalaumu, wawape mabinti hao nusu safu kila juma, waandike majina yao na mabao yao, kwa maana mzazi akilisoma jina la mwanawe gazetini hatamzuia tena kwenda mazoezini.

Hayo manne hayahitaji mkopo wa nje wala uwanja mpya. Yakifanywa kwa miaka mitano bila kukatizwa, nchi mojawapo ya Afrika Mashariki inaweza kusimama mbele ya Namibia na Afrika Kusini katika ubingwa wa Afrika wa ukumbini na kuwapa kazi. Na mshindi wa huko huiwakilisha Afrika katika Kombe la Dunia. Yasipofanywa, tutaendelea kungojea majani, na kila tutakapoulizwa wasichana wetu wako wapi tutajibu kuwa uwanja bado. Mimi nimetoa rai yangu. Mwenye iliyo bora zaidi na ailete, mradi isiwe rai ya kungojea.